Mzee Katika Nyumba ya Wazee: Mambo Yanayomletea Maisha Mema

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanaparokia wa Bel-Air, Lubumbashi, katika siku za Yubile)



Kamati ya Yubile imenipa kazi ya kuzungumza nanyi juu ya wazee wanaokaa katika nyumba za wazee. Wengine walishangaa: siku ya furaha, mbona kuleta habari ya uzee na upweke? Mimi naona kamati ilifanya vema. Yubile ni kuhesabu miaka, na miaka yenyewe imo ndani ya miili ya watu. Wengi waliobeba maji na mchanga wakati makanisa ya mji huu yalipojengwa leo hawawezi kupanda ngazi zake bila kushikwa mkono. Wengine hawaji kabisa, kwa maana wanakaa mahali ambapo mlango hufungwa jua likishuka.

Neno la kwanza ninalosikia kila ninapotaja nyumba ya wazee ni hili: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Mwafrika hamtupi mzee wake." Neno hilo ni zuri, lakini linatuzuia kuona yaliyo mbele ya macho yetu. Tena linaleta aibu mara mbili: linamwaibisha mtoto aliyeshindwa, na linamwaibisha mzee mwenyewe, anayeketi mule ndani akifikiri kwamba katika Afrika yote ni yeye peke yake aliyetupwa.

Tuangalie namna mzee wa Lubumbashi anavyofika kwenye mlango ule. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitafuta wafanyakazi mbali: Lomami, Kasai, Ruanda-Urundi, hata Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwanzoni walikuja kwa miezi michache na kurudi kwao. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kampuni iliona faida ya kuwaweka kwa muda mrefu pamoja na wake zao na watoto wao. Hivyo wakazaliwa watu wa kambi, wenye nyumba isiyo yao, shule isiyo yao, hospitali isiyo yao, na posho kila juma. (Ndiyo sababu mpaka leo mtu wa Lubumbashi akisema "posho mbili" anataka kusema majuma mawili. Kati ya wazee utasikia hesabu hiyo kuliko pahali pengine.) Kijiji kikabaki kuwa jina tu, lililoandikwa katika kitambulisho.

Mwaka 1967 serikali ilichukua kampuni, ambayo baadaye tuliizoea kwa jina la Gécamines, na mara nyingi mtoto alifuata kazi ya baba yake. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1994 shaba iliyotoka ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Na feza je? Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Mwaka 1998 franka moja ilichukua nafasi ya zaire mpya laki moja. Fanyeni hesabu wenyewe. Baba aliyeweka akiba ya zaire milioni moja akisema, "Nimekwisha kujenga uzee wangu," hakubakiwa hata na sehemu ndogo ya sentimu. Kisha, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, watu wenye miaka 25 ya kazi ao zaidi, waliondoka kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja na malipo ya mara moja. Malipo ya mara moja huliwa mara moja: ada za shule, madeni ya dukani, kilio cha ndugu.

Ongezeni juu yake mwaka 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika Katanga, hata waliozaliwa hapa, na jamaa zikagawanyika, mke huku, mume kule. Ongezeni watoto waliokwenda Kinshasa, Zambia, Afrika Kusini na Ulaya. Wengine hutuma feza kwa simu. Lakini simu haigeuzi mgonjwa kitandani.

Iko sababu nyingine ambayo tunaisema kwa sauti ya chini. Mtoto amekufa, kazi imepotea, mimba imeharibika. Mtu fulani anayejiita nabii anaonyesha kidole: ni kambo yenu, yeye ndiye mwenye bulozi. Siku ile ile kikongwe anatolewa nje na kitenge kimoja. Protokoli ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, iliyopitishwa Addis Abeba mwaka 2016, inayataka mataifa yawalinde wazee na mashtaka ya namna hiyo. Lakini anayeita nabii nyumbani si taifa, ni sisi. Nasema hili mbele ya mapadri bila kuogopa: kati ya waliomfukuza mama yao kwa neno la nabii, wako wanaokaa katika mabenchi haya.

Basi, mzee wetu hakutupwa siku moja. Aliteremka ngazi moja moja, na nyumba ya wazee iko chini ya ngazi hizo. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inawadai watoto wawalishe wazazi wao walio katika uhitaji, na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mzee haki ya ulinzi wa pekee. Ni maneno mema. Lakini leo jioni kuna mzee ambaye hana mtoto wa kumdai, wala nauli ya kwenda kwa mwamuzi. Kwake swali si kama nyumba ya wazee ni ya Kiafrika ao si ya Kiafrika. Swali ni hili: je, akiwa mule ndani, maisha yake ni maisha?

Hapo tunapaswa kujua nani anapima. Sisi wageni tukiingia tunahesabu vitanda, tunachungulia sufuria, tunanusa hewa, kisha tunasema, "Wanatunzwa vizuri." Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba hali ya maisha ya mtu hupimwa na mtu mwenyewe, kadiri ya desturi zake na matumaini yake. Wataalamu wake walipotengeneza maswali ya kuwauliza wazee, waliyagawa katika mafungu sita: macho, masikio na milango mingine ya fahamu, uhuru wa kuamua, kazi alizozifanya na anazotazamia kufanya, kushiriki pamoja na wengine, kifo, na mapendo. Ona ajabu: sufuria haimo. Si kwa sababu chakula si kitu, lakini kwa sababu mzee aliyeshiba bado anaweza kuwa mtu mwenye taabu kubwa.

Hata hivi, mwili tusiuruke. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na katika mwezi wa sita na wa saba usiku wetu ni baridi kali. Kijana anavaa koti na kucheka. Mzee aliyelala juu ya godoro jembamba, katika chumba cha sementi, anaamka na kifua kilichofungwa; tena aliyekula vumbi la mgodi miaka thelathini hana kifua cha kuchezea. Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari ya kufa, na wote tunajua habari za namna hiyo. Inafaa blanketi ya pili, soksi, maji ya moto ya kuoga. Inafaa taa katika njia ya kwenda choo, kwa maana mzee huanguka usiku, na mfupa wa nyonga ukivunjika, mara nyingi hatembei tena. Meno yakiisha, bukari inapita, lakini nyama haipiti. Mpishi asiyeponda sombe vizuri anamfanya mtu alale na njaa mbele ya sahani iliyojaa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Wangapi wanaitwa vipofu miaka kumi, nao walihitaji asubuhi moja tu ya munganga wa macho? Nenda ukawaulize.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linapita mengine yote: kuamua.

Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, waliandika juu ya nyumba moja ya wazee katika jimbo la Connecticut. Katika orofa moja, wazee waliambiwa kwamba maisha yao yako mikononi mwao: wachague namna ya kupanga vyumba vyao, wachague usiku wa kutazama sinema, na kila mmoja achague mche mdogo autunze mwenyewe. Katika orofa nyingine, wazee walipewa mambo yale yale kwa wema ule ule, lakini waliambiwa kwamba wafanyakazi ndio watakaowatunza, na mche ulimwagiliwa na wauguzi. Baada ya majuma matatu tofauti ilionekana. Wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na macho yao yalikuwa yameamka. Wale wa pili, wengi wao walikuwa wamerudi nyuma. Chakula ni kimoja, paa ni moja. Kilichogawanya orofa hizi mbili ni kopo la udongo na neno "chagua."

Wazee waliochunguzwa walikuwa wachache, na Connecticut si Katanga. Nakubali. Lakini mwaka 1991 munganga mwingine wa Marekani, Bill Thomas, aliyepewa kazi katika nyumba ya wazee ya mji mdogo wa New Berlin, katika jimbo la New York, aliona maradhi matatu ambayo dawa zake hazikuyagusa: upweke, kukosa uwezo na kuchoshwa na siku zisizo na kitu. Akaingiza ndege, mbwa, paka, bustani na watoto wa shule. Wakubwa wake walifikiri amepata wazimu. Sisi hatuhitaji hata kununua ndege wa rangi. Kuku tunao. Ardhi ya lenga-lenga tunayo. Mama aliyelima maisha yake yote, ukimkataza kushika jembe kwa kusema, "Kambo, pumzika," umemnyang'anya kitu kikubwa, nawe unafikiri umemheshimu. Mwache achague majani ya sombe. Mwache baba fundi atengeneze kiti kilichovunjika, hata kama itachukua posho nzima. Nimewasikia wenye kuangalia nyumba wakisema, "Atajikata, nasi tutalaumiwa." Hofu yao ina haki yake. Lakini mtu aliyezuiwa kila hatari amezuiwa pia kila siku yake.

Vilevile kwa saa. Mahali pengi wote huamshwa pamoja, huogeshwa kwa mstari, hulishwa pamoja, na kulazwa jua lingali juu, kwa sababu wafanyakazi ni wachache. Siwalaumu wafanyakazi hao. Mtu mmoja kwa wazee wengi, mwenye mshahara unaochelewa, atakuwa na mikono ya haraka, na mikono ya haraka inaumiza ngozi ya mzee. Anayetaka maisha mema ya wazee aulize kwanza: anayewaosha amelipwa lini? Swali hilo halipendezi katika sherehe, lakini nimeliuliza.

Juu ya feza, niseme jambo dogo. Toka mwaka 2016 serikali ya Zanzibar inampa kila mzee aliyefika miaka 70 malipo ya kila mwezi, awe alifanya kazi ya mshahara ao hapana. Ilianza na shilingi 20,000, na baadaye iliongezwa. Kenya nayo, toka mwaka 2018, iliwafungulia wazee wote wa miaka 70 na zaidi mpango wa shilingi 2,000 kwa mwezi. Si mali nyingi. Lakini mzee mwenye noti yake ananunua tumbaku yake ao chumvi yake, na mjukuu akija kumwona, anampa pipi. Mkono unaopokea tu, mwishowe unaona haya kunyoshwa. Sisi tunaopeleka unga, tungeweza kutenga feza kidogo ya mfukoni kwa kila mzee, bila kumwuliza ameitumia namna gani.

Nirudi kwa jina na lugha. Sisi tunaita kila mzee "kambo" ao "muzee," na ni heshima. Lakini nilimwona mama mmoja aliyeitwa "kambo" na watu wote mpaka siku moja muuguzi mgeni alisoma karatasi na kumwita kwa jina lake lote, jina la ubatizo na jina la baba yake. Aliinua kichwa kana kwamba ameitwa kutoka mbali. Tena, kumbukumbu inapoanza kufifia, mara nyingi lugha iliyoingia mwisho ndiyo inayotoka kwanza. Kifransa kinakwenda. Kisha Kiswahili chetu cha kambini kinaanza kwenda, na mtu anabaki na lugha ya mama yake: Kisongye, Kiluba, Kibemba, Kiruund, Tshiluba. Mtunzaji anasema, "Anasema ovyo." Hasemi ovyo. Anaomba maji katika lugha ambayo hakuna mtu chumbani anayeijua.

Hapo ndipo ninaiona parokia yetu. Masista wana bidii, wana dawa kidogo, wana mpangilio; hawana lugha zote. Sisi wa Bel-Air tunazo. Katika mabenchi haya, kila siku ya Mungu, wamo karibu watu wote waliokuja Katanga kwa ajili ya shaba, pamoja na wajukuu wao. Kwa zawadi ya unga, mtu yeyote mwenye gari anatuzidi. Kwa zawadi hii, hakuna wa kutuzidi.

Lakini namna tunavyokwenda sasa, hatuwezi kuitoa. Tunakwenda mara moja kwa mwaka, karibu na Noeli ao katika siku kama hizi. Tunafika watu hamsini, na mifuko, na nyimbo, na vijana wa kupiga picha. Wazee wanapangwa katika mstari wakiwa wameoshwa. Tunapeana mikono, tunapigwa picha pamoja na mfuko, tunakwenda. Mzee hajui nani alikuja. Jioni kimya ni kikubwa kuliko jana. Heri mtu mmoja, siku ile ile, kila juma, anayejua kwamba huyu hapendi sukari na yule alikuwa dereva wa treni, kuliko watu hamsini kwa saa moja. Mnamjua Jeanne Jugan, ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwezi wa kumi 2009. Mwaka 1839, katika Saint-Servan, huko Ufaransa, hakuanza kwa kupeleka mfuko. Alimchukua kikongwe mmoja kipofu, akampa kitanda chake mwenyewe. Mmoja, mwenye jina. Masista wake wako Nairobi pia, kule Kasarani, na nyumba yao inaitwa kwa Kiswahili chepesi kabisa: Nyumba ya Wazee.

Linabaki jambo la kifo, ambalo wageni wanaliogopa kuliko wenyeji. Nilidhani wazee hawapendi litajwe. Kumbe ndilo wanalolisema wenyewe kwa wenyewe. Hofu yao si kufa. Hofu ni kuzikwa kama mtu asiyejulikana: kubebwa katika gari, bila kilio, bila mtu wa kulala nje usiku na kuimba, bila mwanamke wa kufunga kitenge kiunoni na kusema huyu alikuwa nani. Baba mmoja aliniuliza bila kupepesa macho: "Siku yangu ikifika, nani atalia?" Niliishiwa maneno. Mzee anayejua kwamba atalia mtu, analala. Asiyejua, halali, na hakuna kidonge cha usingizi huo. Ninasadiki kwamba ahadi ya mazishi ni sehemu ya matunzo, kama blanketi na taa ya njiani. Mzee aipate angali hai, kwa masikio yake, kutoka kwa watu anaowajua sura.

Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Padri Paroko, tunaomba kila Jumuia ya Msingi ichukue wazee wawili ao watatu, isizidi hapo. Ijue majina yao yote. Itafute kati ya watu wake anayesema lugha ya kila mmoja. Iende kila juma bila picha. Siku mzee akifa, kilio kiwekwe katika ua wa mmoja wa Jumuia hiyo, kama kilio cha mtu wa nyumbani. Waheshimiwa Mapadri wa parokia nyingine, mkiona ni vema, nyumba za wazee ziko pia upande wenu, na wazee wenu labda wanasema lugha ambazo watu wetu wanazijua, tuandikiane.

Daftari iko juu ya meza karibu na sakristia. Ina mistari mitatu ya kusimama: jina, lugha, siku ya juma. Kwa Kiruund na Kitabwa hatujapata hata mtu mmoja. Katekista anayo kalamu, naye atabaki pale mpaka mtu wa mwisho atoke.